Uvimbe usioeleweka kwa samaki wa tangini: Namna ya kutambua kiini chake na tiba ifaayo

UVIMBE unapojitokeza kwenye mwili wa samaki anayefugwa ndani ya tangi la kioo, mwenye samaki hujipata njia panda. Samaki hasemi panapomuuma, hakohoi, wala hawezi kupapaswa kwa utulivu kama mbuzi au ng’ombe anavyopapaswa na daktari wa mifugo. Wengi huamua kukimbilia dukani na kununua chupa ya kwanza ya dawa wanayoonyeshwa na muuzaji. Aghalabu dawa hiyo haimfai mgonjwa. Badala yake huua bakteria wenye manufaa waliomo ndani ya chujio, maji yakaharibika, na samaki waliokuwa wazima wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine.

Uvimbe si ugonjwa bali ni dalili. Upo usiohitaji tiba yoyote, upo unaotulia kwa kubadilishwa maji na kupunguzwa chakula, upo unaohitaji dawa ya daktari, na upo usio na dawa kabisa. Isitoshe, kuna maradhi machache ya samaki yanayoweza kumwambukiza binadamu anayetumbukiza mkono wenye jeraha majini. Kwa sababu hiyo, kutambua kiini cha uvimbe ni jambo la kutangulizwa kabla ya kufikiria dawa.

SI KILA UVIMBE NI MARADHI

Hatua ya kwanza ni kujua umbo la kawaida la samaki anayefugwa. Samaki wa dhahabu wa aina ya oranda huota nyama laini kichwani mithili ya kilemba, na nyama hiyo huendelea kukua kadiri umri unavyosonga. Aina nyingine ya samaki hao, ambao asili yao ni Uchina, ilizalishwa makusudi ili iwe na vifuko vikubwa vya maji chini ya macho. Dume la samaki wa dhahabu, msimu wa kuzaana unapowadia, hutokwa na vipele vidogo vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na kwenye mapezi ya mbele. Vipele hivyo hutoweka vyenyewe msimu ukipita.

Samaki wa jamii ya sikilidi kutoka maziwa ya Victoria, Tanganyika na Malawi, wanaopendwa na wafugaji kote duniani kwa rangi zao, nao wana tabia inayowatia hofu wanagenzi. Majike wa aina nyingi za samaki hao hubeba mayai na vifaranga mdomoni kwa takriban majuma matatu. Katika kipindi hicho koo la jike hutuna, naye hukataa chakula. Asiyejua hudhani kwamba amepatwa na jipu la koo. Akimkamata ili amtibu, jike hutema au kumeza watoto wake kwa fadhaa. Madume ya baadhi ya sikilidi nayo huota nundu kwenye paji la uso, na hilo ni pambo wala si ugonjwa.

Gapi, moli na plati huzaa watoto walio hai. Tumbo la jike hufura polepole kwa muda wa karibu mwezi mmoja kisha hurudi hali yake baada ya kujifungua. Uvimbe wa mimba au wa mayai huwa sawa pande zote mbili, magamba hubaki yamelala, na samaki huendelea kula na kuogelea kama kawaida.

MAJI HUPIMWA KABLA YA SAMAKI

Wataalamu wa afya ya samaki huanza uchunguzi wao kwa kupima maji. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanayooza huongeza sumu hiyo. Bakteria wanaoishi kwenye chujio na changarawe huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo pia ni sumu, na hatimaye kuwa naitreti ambayo makali yake ni madogo. Tangi jipya huhitaji takriban majuma manne hadi sita kabla ya bakteria hao kuzaana vya kutosha. Mfugaji anayejaza tangi leo na kutia samaki kumi kesho huwa anawatia ndani ya choo kisicho na mfereji.

Vifaa vya kupimia maji hayo, viwe vya matone au vya karatasi, si vigumu kutumia. Kipimo cha amonia na cha naitraiti kinapaswa kuwa sufuri. Naitreti inafaa isizidi miligramu 40 kwa kila lita. Joto linalomfaa samaki wa dhahabu ni nyuzi 18 hadi 24, ilhali samaki wengi wa maeneo ya joto huhitaji nyuzi 24 hadi 27.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa kwa makini na wafugaji wa humu nchini. La kwanza ni umeme. Unapopotea kwa saa kadhaa, chujio husimama, bakteria wake hukosa oksijeni na kuanza kufa, na amonia hupanda hata baada ya umeme kurejea. La pili ni maji ya mfereji ambayo hutiwa klorini ili kuua viini. Klorini huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria wa chujio. Maji hayo yakiachwa kwa saa 24 ndani ya chombo kilicho wazi, hasa pampu ya hewa ikiwa inafanya kazi, klorini hutoweka. Endapo yametiwa kloramini, kuyaacha hakutoshi na ni lazima dawa maalum ya kuiondoa itumike.

Maji mabaya hayaleti uvimbe moja kwa moja kila mara, ila hudhoofisha kinga ya samaki. Bakteria wengi wanaosababisha maradhi, wakiwemo wale wa jamii ya Aeromonas, huishi majini siku zote pasipo kudhuru. Samaki anaponyong’onyea kwa sababu ya uchafu, baridi au msongamano, bakteria hao humvamia.

MASWALI YANAYOELEKEZA UCHUNGUZI

Baada ya maji kupimwa, mfugaji anashauriwa kumtazama samaki kwa dakika kumi au zaidi bila kumsumbua, kutoka ubavuni na kutoka juu. Picha za simu zinazopigwa kila siku kwa umbali ule ule husaidia kujua kama uvimbe unakua, maana jicho huzoea na kusahau.

Swali la kwanza ni mahali ulipo uvimbe: ni tumboni, kooni, jichoni, kwenye pezi au juu ya ngozi? La pili ni iwapo uko upande mmoja au pande zote mbili. La tatu ni muda: ulizuka kwa usiku mmoja au ulikua kwa miezi? La nne ni magamba, kama yamelala au yamesimama. La tano ni mwenendo wa mgonjwa, yaani iwapo anakula, anakwenda haja, anaogelea wima au amelala ubavu. La mwisho ni hali ya wenzake. Uvimbe uliomtokea samaki mmoja mzee tangini huelekeza fikira kwingine kabisa ukilinganishwa na uvimbe uliozuka kwa samaki watano katika juma moja. Waswahili husema samaki mmoja akioza wameoza wote, lakini ndani ya tangi msemo huo hutimia tu pale maradhi yanapokuwa ya kuambukiza au maji yanapokuwa ndiyo kisababishi.

TUMBO LILILOFURA

Tumbo ndilo hufura mara nyingi zaidi. Sababu iliyo nyepesi ni kufunga choo, hasa kwa samaki wa dhahabu wenye miili ya duara wanaolishwa chakula kikavu kupita kiasi. Samaki huyo huendelea kuchangamka, ila hutoa kinyesi chembamba kinachoning’inia au hakitoi kabisa. Wakati mwingine hupinduka au kuelea juu kwa sababu utumbo uliojaa hubana kibofu cha hewa kinachomsaidia kusimama sawasawa majini. Tiba yake ni kumnyima chakula siku mbili au tatu, kisha kumpa punje ya minji iliyochemshwa, ikamenywa ganda na kupondwa.

Sababu iliyo nzito ni kujaa maji mwilini. Ili kuielewa, ni muhimu kujua namna mwili wa samaki wa maji baridi unavyofanya kazi. Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka. Kwa hivyo maji humpenya kupitia matamvua mchana na usiku, na figo zake hulazimika kuyatoa kwa wingi kama mkojo. Figo zikishambuliwa na bakteria, virusi au vimelea, maji hayo hukosa pa kutokea. Hujaa tumboni na chini ya ngozi, macho yakatokeza, na magamba yakasimama kama vigae vya paa vilivyoinuliwa na upepo. Dalili hiyo ya magamba huonekana vyema zaidi samaki akitazamwa kutoka juu.

Samaki aliyefikia hatua hiyo ana nafasi ndogo ya kupona kwa kuwa figo zake huwa zimeharibika tayari. Hata hivyo, aliyegunduliwa mapema, angali anakula na magamba ndiyo yanaanza tu kuinuka, anaweza kuokolewa kwa maji safi, chumvi na antibayotiki iliyochanganywa kwenye chakula.

Tumbo lililofura upande mmoja huashiria jambo tofauti. Yamkini ni uvimbe wa kiungo cha ndani kama vile ini, figo au mfuko wa mayai. Samaki wa dhahabu wanaofugwa katika mabwawa yenye matope hupatwa pia na kimelea kiitwacho Hoferellus carassii ambacho hushambulia figo na kuzifanya zivimbe mno. Kimelea hicho hakina dawa inayojulikana, lakini hakienei kwa urahisi ndani ya tangi la kioo kwani huhitaji minyoo ya matopeni ili kukamilisha maisha yake.

Samaki waliovuliwa ziwani au mtoni huweza pia kubeba minyoo tumboni. Mfano unaofahamika humu Afrika Mashariki ni Ligula, mnyoo mweupe bapa unaompata omena wa Ziwa Victoria na kumjaza tumbo. Mnyoo huo hupitia kwa vidudu vidogo vya majini, kisha samaki, na kukomaa ndani ya ndege wala samaki. Maadamu hakuna ndege tangini, hauwezi kuambukizwa kutoka kwa samaki mmoja hadi mwingine humo.

VINUNDU VYA NGOZI NA MAPEZI

Vinundu vyeupe au vya rangi ya waridi vinavyofanana na ua la koliflawa kwenye ukingo wa mapezi, hususan kwa samaki wa baharini na sikilidi, kwa kawaida huletwa na virusi vya limfosisti. Virusi hivyo hufanya chembe za ngozi kuwa kubwa kupita kiasi hadi zikaonekana kwa macho. Hakuna dawa ya kuviua. Habari njema ni kwamba vinundu hivyo huanguka vyenyewe baada ya majuma au miezi, mradi samaki apate maji safi, lishe bora na utulivu. Kuvikata au kuvikwaruza hufungua mlango kwa bakteria na kuvu.

Samaki wa dhahabu na koi hawapatwi na limfosisti. Wao wana virusi vyao vya jamii ya hepesi vinavyoleta vinundu laini vinavyong’aa kama nta ya mshumaa iliyodondoka na kuganda. Hujitokeza zaidi majini kukiwa na baridi na hupungua joto linapopanda. Huharibu sura ya samaki zaidi ya kuhatarisha maisha yake.

Jipu, kwa upande wake, huanza kwa wekundu, likafura na kupasuka na kuacha kidonda. Chanzo chake ni jeraha lililoingiwa na bakteria, pengine kwa kugombana au kujikwaruza kwenye mawe. Uvimbe mdogo wenye kitu kama uzi kinachochomoza katikati huwa ni Lernaea, kimelea kinachojichimbia kwenye nyama ya samaki kama nanga. Huyo huweza kuondolewa kwa kibano samaki akiwa ametiwa nusukaputi, na tangi zima kutibiwa kwa sababu makinda yake huogelea majini.

Jicho moja linapotokeza, sababu huwa ni kujigonga. Macho yote mawili yakitokeza kwa pamoja, kosa hutafutwa kwenye maji au katika maradhi yaliyoenea mwilini mzima. Viputo vya hewa vinavyoonekana ndani ya jicho au kwenye utando wa mapezi huonyesha kwamba maji yamejaa gesi kupita kiasi, pengine kwa sababu ya pampu inayovuta hewa mahali inapovuja.

ROVU ILIYODHANIWA KUWA SARATANI

Uvimbe unaojitokeza chini ya koo, kati ya vifuniko vya matamvua, una historia yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, trauti waliofugwa katika mabwawa ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, walikuwa wakiota vinundu vikubwa kooni. Wengi waliamini kwamba hiyo ilikuwa saratani, tena ya kuambukiza. Mtafiti David Marine wa Cleveland, katika jimbo la Ohio, aliwachunguza na mnamo 1910 akaonyesha kwamba vinundu hivyo vilikuwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya koo unaotokana na upungufu wa madini ya joto. Alipotia madini hayo majini kwa kiasi kidogo, uvimbe ulipungua.

Marine hakuishia kwa samaki. Kuanzia 1917 aliongoza majaribio ya kuwapa madini ya joto wasichana wa shule katika mji wa Akron, Ohio, na rovu ikapungua sana miongoni mwao. Mnamo 1924 chumvi yenye madini ya joto ilianza kuuzwa nchini Marekani. Kwa mfugaji wa leo, funzo ni kwamba uvimbe wa koo usichukuliwe kuwa saratani kabla lishe kuangaliwa. Chakula kizuri chenye mchanganyiko wa vyakula vya baharini huwa na madini hayo ya kutosha.

SARATANI NA UPASUAJI

Saratani ya kweli nayo ipo. Samaki wa dhahabu huota uvimbe wa mishipa ya fahamu chini ya ngozi, na baadhi ya uvimbe huo hausambai. Plati na samaki mkia-upanga wa Mexico wakizalishwa pamoja, baadhi ya watoto wao huota saratani nyeusi ya ngozi. Jambo hilo liligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na watafiti wa Marekani na Ujerumani, na tangu hapo samaki hao wamesaidia sana katika utafiti wa saratani ya binadamu.

Uvimbe wa aina hii hukua polepole, kwa kawaida kwa samaki mwenye umri mkubwa, huku wenzake wakibaki salama. Haina haja kumtenga kwa hofu ya maambukizi. Iwapo uvimbe hauzibi mdomo, matamvua wala njia ya haja, samaki anaweza kuishi nao kwa miaka.

Ukianza kumzuia kula au kuogelea, upasuaji ni jambo linalowezekana. Mnamo Septemba 2014, daktari wa wanyama Tristan Rich wa hospitali ya Lort Smith mjini Melbourne, Australia, alimfanyia upasuaji samaki wa dhahabu mwenye umri wa miaka 10 aliyeitwa George, aliyekuwa na uvimbe mkubwa kichwani. Zilitumika ndoo tatu: moja ya maji yenye nusukaputi kali ya kumlaza, ya pili yenye nusukaputi hafifu ya kumdumisha usingizini, na ya tatu ya maji safi ya kumwamsha. Katika muda wote wa upasuaji, uliochukua takriban dakika 45, maji yenye dawa na oksijeni yalipitishwa mdomoni hadi kwenye matamvua. George alizinduka na kurudi bwawani kwake.

Wako wanaohoji busara ya kugharimia upasuaji wa samaki ambaye mwingine wa aina yake hununuliwa kwa bei ndogo. Jibu hutegemea mwenye samaki, ila ikumbukwe kwamba samaki wa dhahabu anayetunzwa ipasavyo huishi miaka 10 hadi 20. Mmoja aliyeitwa Tish, wa Uingereza, alikufa mnamo 1999 akiwa na umri wa miaka 43.

HATUA ZA TIBA NYUMBANI

Iwapo kiini cha uvimbe bado hakijajulikana, kuna hatua zisizoweza kumdhuru mgonjwa. Kwanza, maji yabadilishwe kwa asilimia 25 hadi 30, yale mapya yakiwa na joto sawa na ya zamani na yasiyo na klorini. Pili, samaki ahamishiwe ndani ya chombo cha pekee chenye pampu ya hewa, chujio dogo na mahali pa kujificha. Tatu, chakula kisimamishwe kwa siku mbili, isipokuwa kwa samaki aliyekonda. Nne, uvimbe usikamuliwe wala kutobolewa kwa sindano.

Chumvi ndiyo dawa ya kale na iliyo salama zaidi kwa samaki wengi wa maji baridi. Kipimo cha gramu 1 hadi 3 kwa kila lita hupunguza tofauti iliyopo baina ya damu na maji, hivyo figo zikapata nafuu. Ili kujua ujazo wa maji, urefu, upana na kina chake kwa sentimita huzidishwa kisha jawabu likagawanywa kwa 1,000. Kwa mfano, maji yenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 35 ni lita 63, na kwa kipimo cha gramu 2 kwa lita yatahitaji gramu 126. Chumvi hiyo huyeyushwa kando na kutiwa kidogo kidogo kwa muda wa siku moja au mbili. Kwa kuwa chumvi haipai pamoja na mvuke, maji yakibadilishwa huongezwa ile tu inayolingana na kiasi kilichoondolewa. Baadhi ya kambale wadogo na mimea ya majini hawaistahimili, na hiyo ni sababu nyingine ya kumtibu mgonjwa kando.

Chumvi ya haluli, yaani magnesiamu salfeti, ni kitu tofauti. Hutumiwa kwa kiasi kidogo kulainisha choo na kupunguza maji yaliyojaa mwilini, na kipimo chake kinafaa kitolewe na mtaalamu.

Wakati wowote dawa inapotiwa majini, makaa ya kuchujia yaondolewe kwenye chujio kwani huifyonza. Dawa mbili zisichanganywe kwa kubahatisha.

ANTIBAYOTIKI NI KWA DAKTARI

Kumimina vidonge vya antibayotiki tangini ni kosa linalofanywa na wengi. Samaki wa maji baridi hunywa maji kidogo sana, kwa hivyo dawa nyingi haimfikii. Huishia kuua bakteria wa chujio na kuwazoesha wale wabaya hadi wakawa sugu. Antibayotiki hufanya kazi vyema zaidi ikichanganywa kwenye chakula au kudungwa kwa sindano, na uteuzi wake hutegemea bakteria waliooteshwa maabarani kutoka kwa kidonda au maji ya tumboni.

Nchini Kenya, taaluma ya madaktari wa mifugo inasimamiwa na sheria ya mwaka 2011 kupitia bodi yao, na samaki ni mnyama kama wengine mbele ya daktari huyo. Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete. Anayepeleka samaki kwa uchunguzi anashauriwa kubeba pia chupa ya maji ya tangi na picha za maendeleo ya uvimbe. Samaki aliyekufa saa chache zilizopita na kuwekwa kwenye barafu bado anaweza kueleza mengi chini ya hadubini, lakini aliyelala majini usiku kucha huwa ameoza na hafai.

HATARI KWA BINADAMU

Miongoni mwa bakteria wanaoleta vinundu na vidonda kwa samaki yumo Mycobacterium marinum, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu. Alitambuliwa mnamo 1926 na mtafiti Joseph Aronson kutoka kwa samaki waliokufa katika akwariamu ya Philadelphia, Marekani. Mnamo 1951 ilithibitishwa nchini Uswidi kwamba huwapata pia binadamu. Samaki mwenye maradhi hayo hukonda, uti wa mgongo ukapinda na vidonda vikatokea. Hana tiba ya kutegemewa.

Kwa binadamu, bakteria huyo huingia kupitia mkwaruzo wa mkono. Baada ya majuma kadhaa hutokea kinundu chekundu kisichopona, ambacho huweza kuzaa vingine kuelekea kwenye kiwiko. Hutibiwa kwa antibayotiki kwa miezi kadhaa, wala hakiambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu. Tatizo ni kwamba daktari asiyeelezwa habari za tangi la samaki huenda asifikirie kumtafuta. Mwenye jeraha anapaswa kuvaa glavu, kunawa kwa sabuni baada ya kazi, na kutovuta mpira wa maji kwa mdomo. Walio na kinga hafifu ya mwili wanashauriwa kumwachia mtu mwingine kazi ya kusafisha tangi.

MGONJWA ANAPOKOSA MATUMAINI

Upo wakati ambapo samaki hali, amelala ubavu, magamba yamesimama na siku zimepita bila nafuu. Kumtupa chooni akiwa hai au kumwacha ahangaike nchi kavu ni ukatili. Njia ya upole, ikiwa hakuna daktari karibu, ni mafuta ya karafuu, zao lile lile la Unguja na Pemba, ambayo huwa na dawa ya usingizi iitwayo eujenoli. Kiasi cha mililita 0.4 kwa kila lita, sawa na matone kama manane, hutikiswa kwanza kwenye chupa ya maji vuguvugu kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji kwa urahisi. Kisha hutiwa katika chombo alimo samaki. Hulala usingizi na pumzi zake hukoma. Aachwe humo kwa zaidi ya dakika kumi baada ya matamvua kuacha kutikisika.

Mzoga huo ufukiwe au ufungwe vizuri na kutiwa kwenye taka, mbali na paka na kunguru. Kwa vyovyote vile, samaki wa tangini, awe mzima au mgonjwa, asiachiliwe mtoni, ziwani wala bwawani, kwa kuwa maradhi aliyo nayo yanaweza kuwafikia samaki wanaowalisha watu. Wavu, ndoo na chombo alimotibiwa vioshwe, viloweshwe kwa dawa ya klorini, visuuzwe mara kadhaa na kuanikwa juani hadi vikauke kabisa kabla ya kutumiwa tena. Na samaki mpya atakayenunuliwa kuchukua nafasi yake akae peke yake kwa majuma manne, akichunguzwa kila siku, ndipo aruhusiwe kujiunga na wenzake.